Kistari kwenye kilomita 30

Ntaanza na kosa langu mwenyewe maana bila hilo nisingekaa kuandika haya. Usiku baada ya marathoni moja nlikuwa nimelala chali miguu nimeiegemeza ukutani, simu mkononi, napekua matokeo ya watu wa kundi letu la mbio mmoja mmoja. Nikafika kwa dada mmoja ambaye sote tunamheshimu, nikaona amemaliza saa 3 na dakika 58, yaani amejikata dakika 19 kwenye muda wake bora, nikataka kumpongeza, halafu macho yakatua kwenye vipande vyake, yaani muda aliopita kila baada ya kilomita tano. Kilomita 5 ipo, 10, 15, 20, nusu, 25, halafu kistari. Halafu 35, 40, mwisho. Ile ya 30 haipo.

Sasa sehemu hiyo ya mbio ilikuwa ya kwenda na kurudi barabara ileile, na mkeka wa 30, ule unaosoma chipu ya mkimbiaji akiukanyaga, uliwekwa palepale kwenye kona ya kugeukia. Ukivuka tuta la katikati kabla hujafika kona unajikuta upande wa wanaorudi, kilomita kadhaa umezipata bure, na mkeka pekee utakaokukosa ni huo huo. Nikapiga skrinshoti, nikaitupia kwenye grupu, nikaandika neno moja tu, "Mh?" Basi. Yaliyobaki watu wakamalizia wenyewe, na mpaka asubuhi dada wa watu alikuwa ameshahukumiwa.

Haikutoka hewani hiyo hasira, lazima niseme. Siku hiyohiyo nikiwa nimeshageuka, kama kilomita 32 hivi, mapaja yamekuwa mawe, nlimwona jamaa wa singleti ya njano upande wa pili, wa wanaokwenda. Akapunguza mwendo, akainama kufunga kamba za viatu ambazo mimi naona kabisa zimefungwa, akageuza shingo kulia, kushoto, akaruka tuta. Akaingia mbele yangu kama hatua kumi na kuanza kukimbia vizuri tu, mgongo umenyooka, mguu mwepesi. Nlimuita hakugeuka. Mtu uko kwenye kilomita ambazo mwili unakuomba kila sekunde ukae chini halafu mwenzako amejipunguzia kilomita nne kwa kuruka kitu chenye kimo cha goti, jamani inauma, inauma vibaya sana.

Na nikilisema hili huwa naambiwa muache, anajidanganya mwenyewe. Hapana. Hilo neno silikubali hata kidogo. Muulize Jacqueline Gareau wa Kanada. Marathoni ya Boston kule Marekani mwaka 1980, mwanamke yule alikimbia njia nzima, watu wa pembeni wanampigia kelele kwamba yeye ndo mwanamke wa kwanza, na kweli alikuwa wa kwanza, anafika mwisho anakuta shada la ushindi limeshavalishwa mtu mwingine, Rosie Ruiz, saa 2:31:56, mtu ambaye karibu hakuna aliyemwona njiani. Bill Rodgers aliyeshinda upande wa wanaume alimtilia shaka mapema, hakuwa na sura ya mtu aliyetoka kuteseka. Baadaye wakajitokeza wanafunzi wawili waliomwona akichomoka kwenye umati wa watazamaji, ikiwa imebaki chini ya maili moja. Na ile mbio ya New York ya 1979 iliyompa nafasi ya kuja Boston nayo ikaonekana sehemu ya safari aliimalizia kwenye treni ya chini ya ardhi.

Ilichukua siku nane Ruiz kufutwa na Gareau kutangazwa mshindi kwa saa 2:34:28. Siku nane! Medali alipewa, lakini ule muda wa kukata utepe wako huku barabara nzima inapiga kelele haupelekwi kwa mtu nyumbani wiki inayofuata. Mwaka 2005 walimwalika Boston kwa heshima wakamwekea utepe aukate, miaka 25 imeshapita. Mimi hiyo ya utepe kila nikiikumbuka koo linanikaba. Halafu useme alijidanganya mwenyewe?

Na hata kwa sisi wa nyuma huku kuna mtu anaibiwa. Boston mpaka leo wengi wanaingia kwa muda waliokimbia kwingine na nafasi ni chache kuliko wanaoomba, wanapanga kuanzia wenye kasi, kwa hiyo mmoja akileta muda wa kupika kuna mwenzake halali kabaki nje, pengine kwa sekunde chache. Wengine wala hawatafuti nafasi, wanataka medali na picha. Mexico City walikuwa na medali za kukusanya, herufi moja kila mwaka mpaka ukamilishe jina MÉXICO, na mwaka 2017 walifuta matokeo ya watu kama 6,000. 2023 ikawa kama 11,000, kati ya washiriki kama 30,000. Shenzhen kule Uchina mwaka 2018 kwenye nusu marathoni waliadhibiwa 258, wengi wao kamera za barabarani ziliwanasa wanapenya kwenye vichaka vya katikati ya barabara kwenda upande wa pili. Si jamaa wa njano peke yake.

Hapa kuna kitu watu wanakichanganya sana. Kukata kona ndani ya barabara ya mbio si wizi. Njia inapimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalum cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na anayepima anafuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingoni, halafu wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Kwa hiyo ukibana kona unakimbia ileile iliyopimwa, na ukizungukazunguka nje ndo saa yako inakuonyesha kilomita 42.6 badala ya 42.2 unaanza kulalamika waandaaji wamekosea. Wizi ni kutoka nje ya njia ukaifupisha. Basi. Hata ukienda kujisaidia sheria inataka urudi usiwe umejipunguzia umbali.

Sasa nirudi kwa dada. Asubuhi yake nlikuwa nakunywa chai, simu inalia tu, watu wanacheka, mmoja kaweka picha ya basi. Nikajisikia vibaya nikafungua tena matokeo, na safari hii nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya ile "Mh?" yangu. Nikatoa. Kilomita 20 mpaka 25 alitumia dakika 28. Kutoka 25 mpaka 35, pale penye kistari katikati, dakika 57. Ni mwendo uleule! Angeruka tuta kama yule jamaa zile kilomita kumi zingekuwa sita, angetokea 35 na dakika 34 hivi, namba ingepiga kelele yenyewe. Mtu hawezi kuruka kilomita nne halafu saa isijue. Hesabu ya shule ya msingi, na mimi sikuifanya, nikaona kistari nikaridhika.

Nikaingia kwenye picha za mbio, nikatafuta kwa namba yake. Yupo. Pale pale kwenye kona, koni nyuma yake, mdomo wazi, jaketi kalifunga kiunoni na namba kaibandika chini kwenye kaptula, jaketi limeifunika yote. Chipu iko nyuma ya namba, ni karatasi nyembamba tu, ikibanwa na mwili huku na nguo iliyolowa jasho kule mkeka unaweza usiisome. Kwenye picha ya kilomita 35 jaketi hakuna tena.

Nikampigia. Nikasema shikamoo dada, akaitikia marahaba mdogo wangu, taratibu kabisa, nikajua ameshaona kila kitu. Nikaeleza, nikaomba radhi. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Namba yangu unayo. Ungeniuliza tu." Sikuwa na la kujibu.

Nikarudi kwenye grupu nikaweka hesabu na picha, nikaandika nimekosea mimi. Waliojibu walikuwa watatu, wakati ile "Mh?" ilijibiwa na watu zaidi ya thelathini. Na jamaa wa njano sikumposti popote, namba yake ya kifuani nlikuwa nimeikariri, nikaituma kwa waandaaji na maelezo ya mahali na saa. Kilomita zake 25 mpaka 35 zilikuwa za haraka kuliko kipande kingine chochote alichokimbia siku ile, na picha ya kwenye kona hana. Wiki iliyofuata jina lake halikuwepo kwenye orodha, wala hakuna aliyetukanwa.

Miezi kadhaa mbele tukakutana kwenye nusu marathoni, mimi nyuma yake kidogo. Namba ameibandika kifuani, pini nne, hana jaketi ingawa kulikuwa na baridi. Tulipofika mkeka wa kilomita 10 watu wote wanapita wakiangalia mbele, yeye akapunguza, akaangalia chini, akaukanyaga katikati kabisa na miguu yote miwili.