Leo nimeulizia mbuzi ya nazi

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, daladala, Tanga bado ina ubaridi. Mgongo wangu wenyewe unalalamika, na nina miaka 38 tu.

Saa 2. Chumba cha mazoezi tiba. Benchi limejaa wazee wa magoti. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 528 waliosagika maungio mwaka 2019, karibu robo tatu yao wamepita miaka 55. Kuna asubuhi nahisi wote wamekuja kwangu.

“Shikamoo bibi.”
“Marahaba mwanangu. Sina neno, ni uzee tu.”

Hilo “uzee tu” limenichosha. Siku hizi siulizi panauma wapi. Nauliza: nyumbani umeacha kufanya nini? Bibi akafikiri, akasema ameacha kukalia mbuzi. Mikono ya kukuna nazi anayo, ila akishakaa pale chini hanyanyuki. Siku moja alikaa mpaka adhuhuri, nazi imeshakwisha, akimsubiri mjukuu atoke shule. Alisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Saa 5. Babu analalamikia kizunguzungu. Kumdodosa, kumbe hanywi maji: choo chao ni cha kuchuchumaa, na goti halikunji, basi anajinyima ili asiende mara nyingi. Mfukoni ana dawa za maumivu, diklofenaki za duka la dawa, anazimeza kila siku miezi sasa. Dawa hizo huchubua tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa za mzee asiyekunywa maji. Nimemrudisha kwa daktari leo leo. Kijana wake nimemwambia atoboe kiti cha plastiki katikati, akiweke juu ya tundu la choo.

Saa 7. Wali maharage, dakika kumi.

Saa 9. Zoezi moja tu: kukaa na kusimama kitini bila kujishika, mara tano. Goti likiuma mtu hutulia, akitulia msuli wa paja hunywea, na ukinywea goti huuma zaidi. Wengi hukwama ya tatu. Bibi wa nazi kafika ya nne, akanitukana kidogo.

Saa 1 usiku. Nyumbani kwa mama, samaki wa nazi. Tui ni la pakiti. Mbuzi imetundikwa ukutani, ina vumbi.

“Mama, hukuni tena?”
“Nazi zimepanda bei, mwanangu. Kula.”