Siku moja maishani mwangu: kumtafuta dume wa mbegu

Saa 11 alfajiri. Kondoo hawajala tangu jana jioni, na leo ndivyo ninavyotaka. Mnyama aliyejaza tumbo majani na maji hubeba kilo ambazo si nyama wala si jeni, na kilo hizo zikiingia kwenye daftari zitanisumbua miaka.

Saa 12 na nusu. Mizani. Wanakondoo dume walioachishwa kunyonya wanapita mmoja mmoja, mwenzangu anasoma namba ya hereni, mimi naandika. Dume 114: kilo 38. Mchungaji wetu mkuu, mzee anayewajua kondoo hawa kwa sura, anapiga kofi la furaha. "Huyu ndiye mwenyewe, Mwalimu. Usitafute tena." Baadaye kidogo anapita dume 127: kilo 33. Mzee hata hageuki.

Mimi nageuka, kwa sababu ya kilichoandikwa kando ya namba. 114 alizaliwa peke yake, na mama yake ni jike mzoefu mwenye maziwa mengi. 127 ni pacha, amezaliwa siku 9 baadaye, na mama yake alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza. Alikuwa anagawana chuchu na nduguye, na maziwa yenyewe hayakuwa mengi.

Saa 3 asubuhi. Altrasaundi. Hapa ndipo ninapopenda kuliko pote. Tunamsimamisha 127 kwenye kibanio, tunanyoa sufu eneo la kiganja kimoja, tunapaka mafuta ya kupikia ili hewa isikae kati ya ngozi na kifaa. Napapasa hadi nafasi iliyo kati ya ubavu wa 12 na wa 13. Kwenye skrini msuli wa sarara unajitokeza kama yai jeusi lililolala, na juu yake utepe mweupe wa mafuta. Mkono ukikandamiza, mafuta yanabanwa na kipimo kinadanganya. Mnyama akikunja mgongo, umbo la msuli linabadilika. Basi nasubiri. Anapumua, anatulia, nasimamisha picha: kina cha msuli ni milimita 27. Wa 114 nao ni 27, na huyo amemzidi mwenzake kilo 5.

Saa 5. Kompyuta. Kwa uzito wa umri huu, ni takriban sehemu moja ya tano tu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na jeni wanazoweza kurithisha. Iliyobaki ni maziwa, malisho, upacha, minyoo, bahati. Kwa hiyo dume aliyewazidi wenzake kilo 5 katika mazingira yaleyale hutarajiwa kuwa na kilo 1 tu ya kweli katika damu yake, na kwa kuwa kila mzazi hutoa nusu ya jeni zake, watoto wake watapata wastani wa nusu kilo. Watu wakisikia hivyo hukata tamaa. Mimi hapana: nusu kilo hiyo inaingia kwa kila mwanakondoo wake, na dume mmoja hupanda majike wengi kwa msimu.

Hesabu nzima huchanganya vipimo vya baba, mama, ndugu na binamu kwa pamoja, kwa mbinu ambayo Mmarekani Charles Henderson aliijenga karne iliyopita akishughulika na ng'ombe wa maziwa. Upacha, umri na uzao wa mama vikishaondolewa, 127 anampita 114.

Saa 8 mchana. Majibu ya DNA. 127 ana nakala moja ya badiliko la jeni ya myostatini linalojulikana sana kwa kondoo wa Texel. Myostatini ni protini inayofanya kazi kama breki ya ukuaji wa msuli. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba herufi moja tu ya DNA, G kuwa A, imebadilika mahali ambapo hata protini yenyewe haiguswi. Kinachotokea ni kwamba RNA ndogo zilizomo kwenye msuli, molekuli zinazodhibiti kazi za jeni, hupata pa kushika na kupunguza utengenezaji wa breki hiyo. Msuli unaongezeka, mafuta yanapungua.

Badiliko moja kubwa la jeni hunifurahisha, lakini pia hunitia tahadhari. Oklahoma, Marekani, mwaka 1983 alizaliwa dume wa aina ya kondoo iitwayo Dorset, aliyeitwa Solid Gold, mwenye mapaja ya kushangaza. Badiliko lake lina tabia ngeni: mtoto huonyesha misuli ile pale tu anapolipokea kwa baba na kupata nakala ya kawaida kwa mama. Akilipata kwa wote wawili, anaonekana kondoo wa kawaida. Na sarara ya wale wenye misuli ilikuwa ngumu kutafuna. Nyama nyingi ambayo mlaji haitaki ni kazi bure.

Saa 9. Kwa hiyo naangalia pia mafuta yaliyomo ndani ya msuli, yanayoipa nyama ladha na ulaini. Sifa hii hurithiwa vizuri kuliko uzito, ila huwezi kuipima kwa usahihi hadi mnyama achinjwe, na dume aliyechinjwa hana watoto. DNA inasaidia hapa: tunapima nyama ya jamaa zake, kisha tunamkadiria yeye. Ukichagua wanyama wenye mafuta machache tu mwaka hadi mwaka, mafuta haya hupungua. 127 yuko katikati. Yanatosha.

Saa 11 jioni. Napitia nasaba, nawaondoa majike wote wanaochangia naye babu. Mzee anauliza kama 114 aende machinjioni. Hapana. Baada ya kuachishwa, athari ya maziwa ya mama hupungua polepole na jeni za mnyama mwenyewe huonekana zaidi, kwa hiyo naandika jina lake kwenye orodha ya mizani ijayo, na nyuma ya zizi tunaanza kuwatenga majike wa 127.