Malindi hadi Ngomeni kwa mshipi wa papa

Tuling'oa nanga Malindi saa kumi alfajiri, mwisho wa mwezi wa tatu, kaskazi imechoka na kusi haijasimama. Malelezi haya ndiyo yanayoifaa mashua ndogo. Bahari imelala, na umande unaotoka bara unatosha kujaza tanga mpaka jua lichomoze. Baada ya hapo ni injini.

Mashua ilikuwa ya mita 7, watu wanne, injini ya nguvu za farasi 15. Petroli lita 30, na 10 kati ya hizo haziguswi ila kwa dharura. Barafu kilo 40, imepondwa tangu nchi kavu, maana mapande makubwa huacha nafasi za hewa na samaki akapata joto upande mmoja. Kusini mwa mji kuna hifadhi ya bahari ya tangu 1968, na humo hakuvuliwi, kwa hiyo omo, yaani kichwa cha mashua, ikaelekea kaskazini.

Mto Sabaki huonekana baharini kabla ya kuonekana mlango wake. Maji ya udongo hutandaa juu ya maji ya buluu, na kati yake unabaki mstari wenye povu, majani na vijiti. Papa wadogo hupita kwenye mstari huo wakiwinda mikizi. Ukiingia ndani ya maji mekundu utavua hongwe mpaka uchoke, na miiba yake ina sumu. Mtoe ndoana kwa koleo, si kwa vidole. Mlangoni penyewe usisogee: mafungu ya mchanga huhama, na maji ya kupwa yakikutana na mawimbi ya nje, bahari huvunjika hapo hapo. Viboko nao wapo.

Tulitia nanga kwenye kina cha pima nane, chini kuna tope. Kwenye tope amari fupi, yaani kamba ya nanga, haishiki. Pima nane za maji zinataka pima thelathini za kamba au zaidi, na mnyororo wa mita mbili mbele ya nanga ili ilale. Nanga ikikokota hutajua mara moja. Utaona tu mishipi yote inalalia upande mmoja na samaki wameacha kula.

Mshipi wa papa mdogo hauna mengi, lakini kila kipande kina sababu. Nailoni ya milimita 1, mita 100. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, ya gramu 250, inayoteleza juu ya kipete kinachozunguka, ili samaki akichukua chambo asihisi uzito. Chini ya kipete, mita moja ya nailoni nene, halafu waya wa sentimita 50. Wengi hufunga waya wakisahau nailoni nene, kisha hulaumu meno. Meno hayana kosa. Papa akijiviringisha, ngozi yake yenye mikwaruzo ya msasa hukata uzi mwembamba juu ya waya. Waya ukijikunja kifundo, hata mara moja, utupe. Hapo ndipo utakapokatika kwa samaki wa pili.

Chambo chetu kilikuwa kibua, kimekatwa mshazari, ndoana imepita kwenye ngozi mara mbili na ncha iko wazi. Ncha ikifichwa nyamani, papa hula chambo na kuondoka. Nyuma ya mashua tulining'iniza gunia la matundu lenye dagaa waliopondwa, tukilitikisa kidogo kila baada ya dakika chache. Ukilitikisa sana unawashibisha.

Walianza kula mkondo ulipolegea, karibu na mwisho wa kupwa. Papa mdogo hagongi kama changu. Hutembea na mshipi. Kijana wa omo alikuwa na haraka. "Usimkate bado, mwanangu, mwache ageuke," nahodha akamwambia. Kumkata samaki ni kuvuta mshipi ghafla ili ndoana imwingie, na ndoana zetu zilikuwa za mviringo, hazitaki kukatwa kwa nguvu. Kaza mshipi polepole, inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo.

Wengi hawakufika mita moja. Papa pingusi, yule wa kichwa cha nyundo, ni habari nyingine. Huchoka upesi na kufa kwenye mshipi, kwa hiyo kata waya karibu na mdomo akiwa bado majini, usimpandishe. Tangu 2014 biashara yake ya kuvuka mipaka ina masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Jike mwenye tumbo naye arudishwe, kwani aina nyingi za papa hawa huzaa watoto wachache tu. Wa kurudishwa asibebwe kwa mkia pekee, uti utavutika.

Anayebaki chomboni ndiye mwenye kazi. Damu na nyama ya papa zina urea, na akiachwa juani vijidudu huigeuza kuwa amonia. Ile harufu kali watu wanayodhani ndiyo asili ya papa ni uvivu wa mvuvi. Rungu moja kichwani, kata koo, mwache atoe damu, mpasue, toa matumbo, kwangua ule mstari mweusi chini ya uti, osha kwa maji ya bahari, barafu tumboni. Yote kabla ya kutupa mshipi tena, hata kama wenzake wanakula.

Mchana tulikuwa Ras Ngomeni, mbele ya minara ya chuma ya San Marco, ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Wavuvi huitumia kama alama ya njia. Papa waliobaki bila barafu ya kutosha walipasuliwa vipande vyembamba, kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za nyama, wakaanikwa juu ya chanja, si mchangani. Maini yalitengwa kwenye debe yapikwe kwa moto mdogo. Sifa, yaani mafuta yanayotoka humo, hupakwa mbao za mashua, na ya kwetu ilikuwa imeshaanza kukauka ubavuni.