Jiwe, karatasi, mkasi: jinsi nilivyoachana na compareTo kwenye mchezo wangu wa Java

Mpwa wangu ana miaka 9, na likizo iliyopita alikaa kwetu wiki nzima. Siku moja mvua ilitufungia ndani tukacheza jiwe, karatasi, mkasi hadi mikono ikachoka. Nikamwahidi kuuandika mchezo huo kwa Java, lugha ya kuandikia programu, ili acheze na kompyuta.

Nilianza na enum, yaani orodha maalumu ya majina yasiyobadilika, yenye JIWE, KARATASI na MKASI. Nilijua Java ina Comparable, mkataba wa vitu vinavyolinganishwa, na kwamba metodi yake, compareTo, hurudisha namba hasi, sifuri au chanya. Nikaona imekaa sawasawa: hasi umefungwa, sifuri sare, chanya umeshinda. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikakataa. Kwenye enum, compareTo ni final. Haiandikwi upya, inafuata tu mpangilio uliotumia kuorodhesha vitu vyako. Hapo ningetulia nijiulize kwa nini mlango ule umefungwa. Badala yake nilizunguka nyuma: nikaandika klasi ya kawaida, Ishara, yenye compareTo yangu mwenyewe. Mchezo ukaenda, mtoto akafurahi.

Kisha nikataka ishara zote tatu zijipange kwenye skrini, nikaziweka ndani ya TreeSet, mkusanyiko wa Java unaopanga vitu vyake kwa mfano wa mti ukitumia compareTo, nikianza na jiwe. Zikatoka mkasi, jiwe, karatasi. Kesho yake, nikirekebisha jambo jingine kabisa, nikaanza kuingiza karatasi. Zikatoka jiwe, karatasi, mkasi. Ni vitu vilevile vitatu na compareTo ileile. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Mjomba, kwani kikubwa kuliko vyote ni kipi?"

Hakipo. Karatasi hulishinda jiwe, mkasi huishinda karatasi, jiwe huushinda mkasi, na tumerudi tulikoanzia. Comparable inadai jambo ambalo mchezo huu hauwezi kulitoa: A ikiwa kubwa kuliko B, na B kubwa kuliko C, basi A lazima iwe kubwa kuliko C. TreeSet inaliamini dai hilo bila kulihakiki. Kitu cha kwanza kinakuwa shina. Kinachoonekana kidogo kinapelekwa kushoto, kinachoonekana kikubwa kulia. Kwa ishara zetu tatu, ile inayoingia kwanza hukaa katikati kila mara, kwa kuwa daima kuna moja inayoishinda na moja inayoshindwa nayo. Nikajaribu Collections.max, metodi inayotafuta kikubwa kuliko vyote. Orodha ya jiwe, karatasi, mkasi ilinipa mkasi. Nilipoanza na mkasi, kisha jiwe, kisha karatasi, ikanipa karatasi.

Kinachonisumbua hasa ni ule ukimya. Tangu Java 7, kupanga orodha ndefu kwa compareTo ya namna hii kunaweza kuikatisha programu kwa kosa linalosema mkataba umevunjwa. Orodha yenye vitu chini ya 32 haifiki kwenye ukaguzi huo. Inakupa jibu tu, nawe unaliamini.

Nikarudi kwenye enum, safari hii na metodi yenye jina linalosema kinachotendeka:

```java
enum Ishara {
    JIWE, KARATASI, MKASI;

    boolean inaishinda(Ishara nyingine) {
        return switch (this) {
            case JIWE     -> nyingine == MKASI;
            case KARATASI -> nyingine == JIWE;
            case MKASI    -> nyingine == KARATASI;
        };
    }
}
```

Ipo njia fupi zaidi: unachukua tofauti ya ordinal (namba ya nafasi ya kila jina kwenye enum, kuanzia 0), unaongeza 3, unatafuta baki la kugawa kwa 3, ukipata 1 umeshinda. Inafanya kazi, ila siku mtu akibadilisha mpangilio wa majina, washindi wanaweza kugeuka na kompaila isiseme neno. Mimi nimechagua mistari inayosomeka.

compareTo sikuitupa. Ilipata mahali pake kwenye jedwali la wachezaji, maana pointi ni namba, na namba zina mkubwa na mdogo. Hapo nako nilijikwaa. Tulipomaliza tukiwa na pointi 7 kila mmoja, jedwali lilionyesha jina langu peke yake.

"Mjomba, mimi niko wapi?"

Jedwali lilikuwa TreeSet, na kwa TreeSet sifuri kutoka compareTo maana yake ni kitu kilekile, hivyo wa pili haingii. Nililinganisha pointi tu, tukahesabiwa mtu mmoja. Suluhisho lilikuwa kulinganisha pointi kwanza na, zikilingana, kwenda kwenye jina:

```java
Comparator.comparingInt(Mchezaji::pointi)
          .reversed()
          .thenComparing(Mchezaji::jina)
```

Nikaendesha tena. Majina yote mawili yakatokea, lake juu kwa sababu linaanza na A, naye akaomba tucheze raundi nyingine kabla ya chakula.