Chumba kimoja tu Houston, paneli nzima ibadilishwe

Jamani leo nina hasira, acha niandike. Nimeletewa bei ya umeme kwa ajili ya AC ya chumba tunachoongeza nyuma ya nyumba hapa Houston, dola 3,900, na AC yenyewe haimo humo, ni umeme mtupu. Kuna viwanja Chanika, pembezoni mwa Dar, vinauzwa chini ya hapo.

Ila kinachoniuma hasa ni kontrakta. Toka siku ya kwanza nilimwambia hiki chumba ni cha mama yangu, presha inamsumbua, na joto la hapa mwezi wa nane nyie wa Dar msilichukulie poa, ni unyevu uleule bila upepo wa bahari. Nikamuuliza umeme wa AC vipi, akanijibu usijali, hizi split ndogo hazili umeme. Basi kapiga fremu, kapiga bati, akawa anataka kuziba kuta na jipsamu.

Aliyeniokoa ni inspekta wa jiji, mzee mmoja mpole ajabu. Angeweza kuandika karatasi yake akaondoka, lakini aliniita kwenye paneli, lile boksi lenye breka zote za nyumba, akafungua kile kimlango, akanionyesha kwa kidole breka moja moja: jiko amp 50, draya 30, hita ya maji 30, AC kubwa ya nyumba 40, halafu ile kuu ya juu imeandikwa 100. Akaniambia sir, hizi hazijumlishwi hivihivi, kuna hesabu yake, tafuta fundi mwenye leseni aipige kabla hujaziba ukuta. Mtu hanijui wala sijampa hata soda! Fundi kaja, kapiga hesabu ya mzigo, kumbe nyumba ilishafika ukingoni mwa hizo amp 100 hata kabla ya chumba cha mama. Ndiyo hiyo 3,900, kwenda paneli ya amp 200.

Mlioko nyumbani mnaweza kushangaa, maana kwetu AC ya BTU 12,000 fundi anavuta waya wa 2.5 mm², siku hiyohiyo jioni mnalala baridi. Huku soketi za ukutani ni volti 120, na split nyingi zinataka 240, kwa hiyo lazima itoke laini yake peke yake kutoka kwenye paneli, haishirikiani na kitu. Ukubwa wa waya na breka haubuniwi, umeandikwa kwenye kile kibati cha yuniti ya nje, kuna amp za chini kabisa ambazo waya lazima uzimudu, na breka ya juu kabisa inayoruhusiwa. Na pembeni ya yuniti lazima iwepo swichi ya kukatia umeme, fundi anayeitengeneza aione kwa macho, asije mtu ndani akamwashia. Hiyo sheria naipenda kwa kweli, nawajua mafundi nyumbani waliopigwa shoti juu ya ngazi.

Kwa hiyo ukijenga huku, fundi umeme aje wakati ramani bado iko mezani, AC itakaa ukuta gani na waya utapita wapi viamuliwe hapo.

Na nyie vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA mnaoniuliza inbox kila siku, umeme Texas unalipa, lakini cheti chako hakikupi ruhusa ya kufanya kazi peke yako. Unaanza na leseni ya uanagenzi, unafanya kazi chini ya master, yaani fundi mkuu mwenye leseni, masaa 8,000 ndiyo upate leseni ya journeyman, yaani fundi aliyemaliza uanagenzi, baada ya mtihani. Weka kumbukumbu za masaa yako toka siku ya kwanza, bosi akuandikie, wapo waliohama kampuni masaa yakapotea hivihivi.

Kontrakta nimemwambia malipo ya mwisho hayaoni mpaka inspekta arudi apitishe umeme, na kuta zinabaki wazi mpaka siku hiyo. Kanuna. Anune tu, mama tiketi yake ni ya mwezi wa sita.