Foronya za Mama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumanne, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Mnajua kazi yangu hapa Fall River, Massachusetts, ni kutunza wazee majumbani. Bibi niliye naye sasa ni Mreno wa kisiwa cha Faial, kule Azores, visiwa vya Ureno. Septemba 1957 volkano ya Capelinhos ililipuka baharini kando ya kisiwa chao, ikatema majivu kwa miezi 13, nyumba na mashamba yakafukiwa. Mwaka 1958 Marekani ikatunga sheria ya kuwapokea watu hao, viza 1,500 kwa wakuu wa familia, na baba yake akapata moja. Walikuja na kasha moja.

Jumanne tulilifungua, maana bibi anahamia kwa binti yake. Juu kabisa kulikuwa na mtandio wa mama yake, neti nyeusi iliyodariziwa maua kwa mabua ya ngano. Ndiyo, mabua! Bua linapasuliwa, linalazwa bapa, linachanwa vipande vyembamba, kisha linashonewa kwenye neti. Wanawake wa Faial wanasifika kwa kazi hiyo. Niliusogeza dirishani, ukang'aa kama dhahabu.

Chini yake akatoa kitambaa cheupe chenye maua ya samawati pembeni, akakipapasa, akasema, "Fronha." Nikaruka: "Foronya!" Tukatazamana. Nikamwambia sisi tunasema leso, akasema kwao ni lenço. Nikagonga kasha, akajibu, caixa. Wareno walituachia machungu mengi pwani, na Ngome ya Yesu ipo Mombasa tangu 1593, lakini mchana ule tulikuwa wanawake wawili tu, na nguo za mama zimetandazwa kitandani.

Ndipo mjukuu wake akaingia na mifuko myeusi ya taka. "Nani atavitumia hivi?" akauliza. Hasira zikanipanda. Nilimhukumu kijana wa watu moyoni, nikasema hawa watoto hawana shukrani. Papo hapo neno la nabii Nathani kwa mfalme Daudi, aliyemhukumu mwingine kwa kosa lililokuwa lake mwenyewe, likanijia: wewe ndiwe mtu huyo.

Mama yangu alidarizi foronya usiku, kwa taa ya chemli, kitambaa kimebanwa kwenye fremu. Aliandika "Bwana ni mchungaji wangu" kwa uzi mwekundu, na herufi moja ilimpindia. Mwaka 2016 nilipokuwa narudi huku alinipa pea mbili. Begi lilizidi uzito pale uwanja wa ndege. Nikatoa foronya, nikabakiza dagaa begini. Mama alilala mwaka 2020, nami sikuweza kusafiri.

Someni Matendo 9. Petro anapandishwa orofani Yafa, na wajane wanamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea marehemu Dorkasi. Luka, mwandishi wa Matendo, hakutuandikia hata neno moja kutoka kinywani mwa Dorkasi. Hatujui aliombaje wala aliimbaje. Tunajua alishona! Nguo ndizo zilizosimama na kumshuhudia mbele ya mtume.

Dada zangu, kaka zangu mlio ughaibuni, nasema nanyi kama ninavyosema na nafsi yangu. Tunatuma fedha kila mwisho wa mwezi tukadhani amri ya kuwaheshimu wazazi tumeimaliza. Mama anakushika mkono akuonyeshe kitambaa alichofuma, wewe unaangalia simu. Ana macho mabovu, amekaa nacho miezi minne, kila fundo amelitaja jina lako mbele za Mungu, nawe unasema, "Mama, siku hizi hivi havitumiki." Tubuni, jamani. Mama akiwa hai, kaa chini, mwulize alijifunza kwa nani, uzi aliupata wapi, alikuwa anamwombea nani. Na ninyi akina mama mnaofuma kila Jumatano baada ya ibada, msiache.

Mtandio haukuingia mfukoni. Bibi aliupakata mpaka jioni, na mjukuu akakaa karibu naye akimsikiliza.

Jana nilimpigia dada yangu mkubwa, nikamwuliza zile foronya ziliishia wapi. Akanyamaza kidogo. "Moja tulimwekea mama chini ya kichwa, kwenye jeneza," akasema. "Zingine ninazo kabatini. Ile yenye herufi iliyopinda nimekutunzia."