Siku naibu alipoketi nyuma ya darasa langu

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana ilinikuta macho. Nimefundisha miaka kumi na saba tangu nitoke chuo cha Shanzu na cheti changu cha P1, kile cha ualimu wa shule ya msingi, nimeshachunguzwa na walimu wakuu na maafisa wa kanda, na bado usiku wa kuamkia siku ya kuchunguzwa silali, nagaagaa tu. Nikawasha taa, nikatandaza vitu mezani: maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista, daftari la maendeleo ya wanafunzi. Mama alipotoka kutawadha akasimama mlangoni akanitazama.

"Waenda skuli au waenda mahakamani?"

Nilicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Tangu 2016 kila mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu hufanyiwa tathmini ya utendaji, ile tunayoiita TPAD. Unajipangia malengo, unajipima mwenyewe, kisha mkubwa wako kazini anakupima, na kila mnachokubaliana lazima kiwe na ushahidi. Mwanzo vipengele vilikuwa saba, vikaja kupunguzwa hadi vitano. Ushahidi haukupunguzwa. Nina kabati zima la ushahidi. Mgeni akiingia kwetu hudhani nina kesi ya shamba.

Katika yote hayo, kitu kimoja tu ndicho hunikosesha usingizi, nacho ni mtu kuja kukaa darasani akanitazama nikifundisha. Karatasi naweza kuipamba usiku. Darasa halipambiki.

Saa kumi na mbili na nusu

Kutoka Langoni, hapa Lamu mjini, nilipita ufuoni kabla punda hawajajaa njiani. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala ubavu. Mkunguni, mbele ya Ngome, wazee wa kahawa walikuwa wameshakaa. Mkononi nilibeba kikapu kizito kuliko mkoba: mwiko, mtungi mdogo, mfuko wa turubai, misumari miwili mirefu ya chomboni niliyoiomba kwa fundi, na kipande cha mkeka. Somo lilikuwa ngeli ya U-I, Gredi ya 4. Mtaala wa umilisi unataka mtoto ashike kitu, akitaje, akizungumzie, na kwa hili siupingi hata kidogo. Sisi tulifundishwa ngeli kama dua, tunaimba bila kujua tunaomba nini.

Nilinunua mahamri manne na mbaazi kwa yule mama wa kona. Mawili niliyala nikitembea, jambo ambalo kanuni za maadili ya walimu sidhani zinalikataza, ila Mama angelikataza.

Saa tatu kasoro dakika tano

Kipindi cha pili. Naibu wa mwalimu mkuu alibisha hodi, akasalimia watoto, akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma na fomu yake gotini. Ni mtu wa Kitui, mrefu, mpole, mwenye kalamu isiyonyanyuka. Watoto arubaini na mmoja walinyooka migongo ghafla. Wanajua. Watoto hujua siku mwalimu wao anapochunguzwa, na huwa wanamhurumia.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda kama nilivyoandika. Nilitoa vitu kikapuni, makundi yakapokezana. Mwiko, miiko. Mkeka, mikeka. Msumari, misumari. Nikachora jahazi ubaoni, nikauliza swali dadisi: kikiwa kimoja tunasemaje, vikiwa vingi tunasemaje? Mikono ikapaa. Nikamchagua kijana aliyekaa karibu na dirisha, ambaye babake ni baharia, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye mlingoti na nilijua ataupenda.

Alisimama, akaunyoshea kidole mlingoti wa ubaoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyeuona kwa macho yake: "Mlingoti umevundika."

"Umevunjika," nikasema. "Si umevundika. Umevunjika. Mwingine?"

Akakaa. Nikaendelea. Dakika thelathini na tano zikaisha, zoezi la mwisho nalo likaisha, na nikatoka nje nikijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Saa tatu na nusu

Mapumziko. Naibu aliniita ofisini, akanimiminia chai ya chupani. Alinionyesha fomu kwanza, na fomu ilikuwa nzuri. Matayarisho, vifaa vinavyotokana na mazingira, matumizi ya muda, ushirikishaji wa makundi, kote alikuwa ameniandikia mema. Kisha akafunika kalamu yake.

"Mwalimu, yule kijana wa dirishani alikosea nini?"

"Alisema umevundika."

"Somo lilikuwa la nini?"

Sikujibu mara moja. Ilinichukua muda kama wa kumeza funda moja la chai. Somo lilikuwa ngeli ya U-I. Mlingoti *u*mevundika. Kiambishi ni u. Mtoto alipatia. Alikuwa mtoto wa kwanza siku ile kutunga sentensi kamili ya kwake mwenyewe, isiyotoka kitabuni, yenye upatanisho sahihi, na mimi nikamkalisha.

"Baada ya hapo nimehesabu," akasema naibu, bila ukali. "Umeuliza maswali kumi na mawili. Mwanzo alikuwa anainua mkono kila swali. Kutoka pale hakuinua tena."

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu, na lugha yetu ni Kiamu. Nyumbani kwetu kitu huvundika, hakivunjiki. Mama husema mato, siyo macho, husema ndia, tini, yana. Nimekulia humo. Akaja mtu kutoka Kitui, ambaye Kiswahili alikisoma shuleni kama nilivyosoma mimi Kiingereza, akanionyesha kwamba nilimnyamazisha mtoto kwa sababu alisema lugha ya mama yangu.

Niliuliza kama ataliandika kwenye fomu. Akasema hakuna kisanduku chake, labda kwenye maoni. Ndivyo zilivyo fomu.

Saa sita na nusu

Mzazi alinisubiri chini ya mwarobaini na bintiye mkononi. Binti hamalizi kazi za nyumbani. "Mwalimu, mchape. Nyama yako, mifupa yangu." Maneno haya wazazi wetu waliwaambia walimu wetu wa chuo cha Kurani na wa skuli, na nyama yetu ililiwa kweli.

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba viboko vilipigwa marufuku 2001, Katiba ya 2010 ikamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamweka mwalimu anayemtesa mwanafunzi kwenye faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Akaniangalia kama niliyemnyima chumvi. "Basi mtawafunza na nini?"

Nikamuuliza binti kazi huifanyia wapi. Jikoni, akasema, taa ya sebuleni inatumiwa na kaka. Tukakubaliana, sisi watatu, kwamba taa itagawanywa. Dakika kumi na tano za chakula changu zilikwisha hapo.

Saa tisa

Watoto walitoka. Nilimvizia kijana wangu langoni, mkoba wake ukimning'inia mgongoni.

"Baba," nikamwambia, ndivyo tunavyowaita vijana wetu tukiwataka wema, "ile milingoti miwili ya jahazi la kale, ikipigwa na kusi, inakuwaje?"

"Ime..." Akasita. Akanitazama mdomo. Nikaona anavyochagua, kama anayevuka mtaro akitafuta jiwe la kukanyagia. "Imevunjika," akasema polepole sana.

Jibu sahihi. Sijawahi kupewa jibu sahihi likaniuma vile.

Saa tisa na dakika ishirini

Mkutano wa jopo la lugha, walimu sita, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Rasmi tunauita jumuiya ya kujifunza ya walimu, na kumbukumbu zake huandikwa kwa ajili ya, naam, ushahidi. Ilikuwa zamu ya mwalimu wetu mwanagenzi kuwasilisha. Yeye ni wa stashahada; vyuo vya ualimu vya umma viliacha mtindo wa P1 na kuanza kupokea wa stashahada mwaka 2021, kwa hiyo amefunzwa mtaala huu huu tangu siku ya kwanza. Sisi wengine tuliufuata mbio, kwa semina za likizo za siku chache, tukirudi na vitini na fulana.

Kabla hajaanza akauliza kuhusu ule mpango wa mafunzo endelevu, kama tulishalipa. Chumba kikachangamka. Sheria ya Tume ya 2012 inamtaka mwalimu ajiendeleze na achukue cheti cha kufundisha kila miaka mitano, na hilo halikumshtua mtu hadi Septemba 2021 mpango ulipozinduliwa: moduli sita, kila moja miaka mitano, Sh6,000 kwa mwaka, kupitia taasisi nne zilizoteuliwa. Vyama vya walimu vikapinga, hasa hilo la mwalimu kujilipia mfukoni. Mwenzetu mkubwa, ambaye ndevu zake zimekuwa nyeupe kwa chaki na kwa umri, alipiga hesabu kwa sauti. "Miaka thelathini. Laki moja na elfu themanini. Malaika watanikuta kaburini nadaiwa moduli ya tano."

Tulicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia. Msimamo wangu mimi ni huu: kujifunza sikukatai, daktari asiyejifunza tena simpelekei mwanangu, na mwalimu ni vivyo hivyo. Ila anayetaka nijifunze asinidai nauli ya kuja kunifundisha.

Kisha nikaomba nafasi nikawaeleza habari ya mlingoti. Sikupenda kuieleza. Nilijua nitaonekana mjinga mbele ya mwanagenzi wa miaka ishirini na minne. Badala yake kila mtu alikuwa na wake. Mmoja alimkatiza mtoto aliyesema yua badala ya jua, akiwa anaeleza vizuri kabisa majira ya kusi na kaskazi. Mwingine aliweka alama ya mkasi kwenye insha nzima ya mtoto wa Matondoni kwa sababu ya neno ndia.

Mzee wetu akatukumbusha kwamba Kiswahili sanifu kiliteuliwa kwenye kikao, Mombasa, mwaka 1928, kikachaguliwa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na kwamba siku hiyo Kiamu kilikuwa na mashairi ya karne nyingi. "Hakikushindwa kwa ubora," akasema. "Kilishindwa kwa kura." Na mtaala wenyewe unasema mtoto wa gredi za chini afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Lamu tunajibu haraka, ah, lugha ya hapa ni Kiswahili, tumemaliza. Hatujamaliza.

Lakini mwalimu wa Gredi ya 6 alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga. "Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 haitamuuliza kwa Kiamu. Mkimbembeleza hapa, ataadhirika kule." Tulivutana nusu saa. Tulichotoka nacho si kikubwa: kwanza pokea jibu la jambo unalolifundisha, liseme wazi kwamba ni sahihi, umbo sanifu lilete baadaye, ubaoni, kwa darasa zima, wala si usoni pa mtoto mmoja. Na ukutani pawe na karatasi ya safu mbili, neno la nyumbani na neno la kitabuni, watoto waijaze wenyewe. Mwanagenzi aliandika yote kwenye kumbukumbu. Uwasilishaji wake ukaahirishwa hadi wiki ijayo, maskini, na alikuwa amekuja na chati.

Saa moja na nusu usiku

Baada ya Magharibi nilikaa sakafuni na Mama, yeye akichambua mchele, mimi na simu. Tathmini hujazwa mtandaoni, na mtandao chumbani kwetu hushika karibu na dirisha la nyuma tu. Duara likazunguka. Likazunguka. Nikamgeukia Mama.

"Mama, sehemu za chombo, baba alikuwa akiziitaje?"

Akaacha mchele. Alianza na mkuku, akaja kwenye taruma, foromali, demani, akapanda hadi kileleni mwa mlingoti, akashuka na kamba zake. Mengine sikuwahi kuyasikia. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu wa andalio, safu ya kushoto ikiwa ndefu kuliko ya kulia, kwa sababu mengine sina neno la kitabuni la kuweka mbele yake.

"Ya nini yote hayo?" akauliza.

"Ya skuli."

"Siku hizi wafunza hayo skuli?" Akarudi kwenye mchele wake, lakini baada ya muda akaongeza jina jingine la kamba, kisha jingine.

Saa nne kasorobo mtandao ulifunguka. Penye mapengo ya utendaji huwa naandika kitu kisicho na madhara, kama vile haja ya vifaa zaidi vya kidijitali. Safari hii niliandika: nilimsahihisha mwanafunzi katika jambo ambalo sikuwa nikilifundisha, na jibu lake lilikuwa sahihi. Kisanduku cha mwisho kilitaka tarehe ya kufuatilia. Nikampelekea naibu ujumbe kumuuliza kama Alhamisi ana nafasi, kipindi cha pili. Akajibu kwa neno moja, "Nitakuja," nami nikaenda kumtafutia yule kijana kipande cha kamba ya jahazi kwenye sanduku la baba.